Persili Si Mboga

Kama kuna mtu aliyewahi kumtii daktari katika Nateete nzima, hapa Kampala, basi ni Hortense. Wengine huambiwa waache chumvi, wakifika nyumbani wanaonja kidogo, kesho wanaongeza, na mwezi haujaisha wameshasahau hata sura ya daktari. Hortense hapana. Aliambiwa binti yake awe mwangalifu na mboga za majani, na tangu siku ile nyumba yake haikuona jani. Sombe, majani ya muhogo, aliyokuwa ameitwanga asubuhi ile ile alimpa jirani pamoja na sufuria. Lengalenga, matembele, sukuma, dodo, vyote vilifukuzwa. Mkongo kukaa bila sombe si mchezo, jamani, lakini mama yule alikaa.

Binti mwenyewe aliitwa Exaucée, maana yake aliyeombwa akapatikana, na jina lilikuwa la haki. Wawili waliomtangulia walikufa wangali wakinyonya. Baba yake, Mushagalusa, walimzika Bukavu kabla ya kuvuka mpaka. Hortense aliingia Kampala na mtoto mmoja mgongoni na kibeseni kimoja kichwani. Mtoto akakua, akawa msusi katika saluni moja karibu na stendi, msichana mrefu mwenye mdomo, ambaye wateja walimfuata kwa mikono yake na kwa maneno yake pia. Angeweza kukusuka tangu asubuhi mpaka jua linageuka na hutasikia maumivu, kwa kucheka tu.

Utotoni koo lilikuwa likimuuma mara kwa mara, wakadhani ni mafua. Kumbe ugonjwa ulikuwa unateremka moyoni. Alipokuwa mkubwa akawa hawezi kupanda kilima cha kwenda kanisani bila kusimama akatweta. Bahati ikawajia: madaktari wageni walikuja kufanya upasuaji wa moyo katika hospitali moja ya jiji, jina lake likaingia, wakamfungua kifua. Kilango kimoja cha moyo kilikuwa kimeoza, wakakitoa, wakaweka cha chuma.

Lakini chuma kina masharti yake. Daktari Namalwa, aliyekuwa akimfuatilia kliniki, alikulia Busia, na Kiswahili hakikumpiga chenga. Alimkalisha Hortense akamweleza taratibu. Damu ikigusa chuma hutaka kuganda. Kwa hiyo Exaucée atakunywa kidonge cha kulainisha damu kila siku, mpaka mwisho wa maisha yake, na damu itapimwa mara kwa mara. Ikiwa laini mno, atavuja. Ikiwa nzito, bonge litaota pale kwenye chuma, na siku litakapong'oka litakimbilia ubongoni, na hapo tutampoteza.

"Majani mabichi ya kula yana kitu kinachopigana na hiki kidonge," alisema. "Sisemi asile mboga kabisa. Ale kiasi kile kile alichozoea. Asizidishe ghafla, asiache ghafla."

Basi. Mama mwenye hofu husikia nusu. Hortense alisikia "kinapigana," akatoka na neno hilo moja, hayo mengine akayaacha pale juu ya kiti.

Siku za kwanza zilikuwa za furaha, hata ukatamani zisiishe. Exaucée alirudi saluni. Alipanda kilima bila kusimama. Na kile chuma kilikuwa kinalia. Si kwa nguvu, lakini chumba kikitulia ungekisikia: tik, tik, tik, kutoka ndani ya gauni. Exaucée alitania kwamba mwanaume atakayemwoa hatahitaji kununua saa. Hortense alimkemea, utani gani huo wa kuchezea kazi ya Mungu, lakini akiwa peke yake na binti yake alikuwa akizima redio makusudi ili akae asikilize ule mlio.

Hortense aliishi kwa kuuza viungo vya mchuzi. Kibanda chake sokoni Nateete ndicho Wakongo walichokijua: seleri, powaro ile inayofanana na kitunguu cha majani, pilipili ya Kongo inayomliza mtu mzima, na zaidi ya vyote persili. Mganda atakuambia ni dania. Usimsikilize, zinafanana sura tu. Mchuzi wa Mkongo bila persili ni maji ya moto. Nyuma ya chumba alichopanga, Hortense alikuwa ameipanda katika mabeseni yaliyotoboka, imejaa, kijani kibichi kinachometa, na kila asubuhi alikata mafungu ya kupeleka sokoni.

Na hapa ndipo lilipo kosa, tena kosa la kwetu kabisa, maana mtu wa kwingine asingelifanya. Kwetu sisi mboga ni kile kinachokaa sahanini kando ya bugali. Unakipakua, unakichovyea bugali, unashiba nacho. Persili haikai sahanini. Persili inaingia sufuriani pamoja na kitunguu na chumvi, inanukisha, basi, kazi yake imekwisha. Hujawahi kusikia mtu akisema leo tumekula persili. Hortense alifagia kila jani nyumbani mwake, na yale mabeseni kule nyuma akapita akiyamwagilia, wala moyo haukumshtua.

Ukapita muda kidogo, Exaucée akaanza kutoka damu kwenye fizi. Akipiga mswaki povu linageuka jekundu. Mapajani akaota mabaka meusi bila kugongwa na kitu. Siku zake za mwezi zikaja zikakataa kuondoka. Hortense aliona damu ya mwanawe inamwagika kila upande, akaingiwa na baridi. Mtu mwingine angesema, twende kliniki leo hii. Yeye akawaza kliniki, akaona sindano. Watu wa maabara watamvuta damu nyingine, na hii iliyobaki ni ya kuhesabu. Akasema moyoni mwake, ngoja kwanza irudi, kisha tutakwenda wapime kitu kinachopimika.

Na kuirudisha alijua. Bibi yake kule kwao Walungu alikuwa akiwatwangia wanawake waliotoka kujifungua persili mbichi, anaikamua kwa kitambaa, wanakunywa kikombe asubuhi kabla ya kula. Inaongeza damu, alisema bibi, inasafisha figo, inashusha miguu iliyovimba. Bibi hakuwa mwongo, tusimtukane marehemu. Watu wengi waliinuka kwa kikombe kile. Ila bibi hakuwahi kuona mtu mwenye chuma moyoni.

Jirani wa mlango wa pili, Acayo, ambaye wengi walimwita mama Ochan, mke wa askari kutoka Gulu, alimkuta akitwanga pale kwenye kibaraza. Hawa wawili waliongea Kiswahili kwa sababu hawakuwa na kingine cha kuongea, Hortense na cha kwake cha Bukavu, Acayo na cha kambini alichokipata kwa mumewe. Acayo alisimama akaangalia kile kinu, kisha akauliza kwa upole.

"Mama Exaucée, hii si majani? Daktari alikataza majani."

Hortense alicheka. Akamwambia, mama Ochan, nyinyi watu wa kaskazini kila kitu cha kijani kwenu ni mboga, hata nyasi mngezipika na karanga mkala. Hii ni kiungo. Acayo naye akacheka, maana utani wa namna hiyo walikuwa wameuzoea, akasema labda ni hivyo, yeye hajui vyakula vya Wakongo. Akaingia ndani kwake kuendelea na kazi zake.

Exaucée alikunywa. Alikunja uso, akasema mama anataka kumfanya mbuzi, lakini alikunywa. Na dawa ikafanya kazi! Hili ndilo linaloniuma kila nikilikumbuka. Laiti ingeshindwa. Laiti ingemtapisha tu, wakaimwaga. Lakini juma halijakatika fizi zilikauka, mabaka yakafifia, siku zake zikakaa sawa. Uso ukawa na nuru. Hortense alisimama kanisani Jumapili akatoa ushuhuda mbele ya watu wote, akina mama wakapiga vigelegele, na kikombe cha asubuhi kikapata mwenzake wa jioni.

Siku ya kliniki ikafika. Walikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine wakisubiri kuitwa, na Exaucée akageuka akauliza kwa sauti ya chini kama wamwambie daktari kuhusu ile persili.

"Basi mwambie na chumvi pia," alisema Hortense. "Mwambie na kitunguu, na mafuta. Mkae mpaka jioni mkisomeana mapishi."

Exaucée alicheka akaliacha. Mtoto aliyelelewa vizuri habishani na mama yake mbele za watu, na huyu, kwa mdomo wake wote ule, alikuwa amelelewa vizuri.

Damu ilipimwa, Namalwa akaangalia majibu, akakunja uso. Damu imekuwa nzito. Akauliza kama vidonge vinamezwa kila siku. Vinamezwa, alisema Hortense, yeye mwenyewe ndiye anayempa na anasimama pale mpaka kimeshuka. Akauliza kama kuna dawa nyingine ya hospitali anayotumia. Hakuna. Akauliza mboga.

"Daktari, tangu uliposema, hata jani moja halijaingia kinywani mwake," Hortense alijibu, na alisema kwa fahari, kifua mbele.

Namalwa alimtazama Exaucée. Exaucée alimtazama mama yake, kisha akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyesema uongo mle chumbani, na sijui hata leo nimlaumu nani. Daktari aliongeza kipimo cha kidonge, akawasihi warudi haraka apime tena, wasikawie.

Kile kidonge kilichoongezwa kilimtisha Hortense. Alijua alichokiona: kidonge kile kile kidogo ndicho kilichomtoa mwanawe damu, sasa wanakizidisha. Bila shaka fizi zitaanza tena. Basi akaamua kumkinga. Alizidisha mafungu kinuni, kikombe kikawa kizito, kijani kinaacha alama kwenye bilauri. Asubuhi kidonge kikavuta huku na kikombe kikavuta kule, na mwili wa Exaucée ukawa katikati. Siku ya kurudi kliniki ilipofika kulikuwa na bibi harusi wa kusuka na wasimamizi wake wote. Exaucée akasema atakwenda Jumatatu. Hortense, aliyekuwa akiona mashavu yamejaa na macho yamechangamka, hakumlazimisha. Mtu mzima kama huyu, unamkimbiza hospitali kwa ugonjwa gani?

Mwisho wa juma lile, walipokuwa wamekaa wawili wakichambua maharage, Hortense aliona kimya kimezidi. Redio ilikuwa imezimwa. Alitega sikio, hakusikia kitu. Akamwambia Exaucée asogee, akamwekea sikio mgongoni kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mchanga. Mlio ulikuwepo, lakini mbali, umefifia, kama mtu anayebisha hodi akiwa amefunga kidole kwa kitambaa.

"Umekizoea," Hortense alisema, na machozi yalimtoka kwa furaha. "Moyo wako umekizoea kile chuma. Sasa ni nyama yako."

Walishikana mikono wakamshukuru Mungu pale pale juu ya mkeka, maharage yamezagaa katikati yao. Exaucée alisema kweli hata yeye anajisikia mwepesi, ila usingizi tu umekuwa mwingi na ngazi za saluni zimeanza kumchosha tena kidogo. Mama akasema ni kazi ya yule bibi harusi, apumzike.

Jumatatu asubuhi Exaucée alikuwa amevaa tayari kwenda kliniki. Alipokea kikombe chake kwa mkono wa kulia, akakiinua, na kikombe kikaanguka. Maji ya kijani yalimwagika kwenye gauni safi. Hortense alianza kumfokea, angalia sasa, utavaa nini, na Exaucée akautazama ule mkono uliokuwa umening'inia kama si wake. Alitaka kusema kitu. Midomo ilisogea, upande mmoja ukabaki nyuma, na sauti iliyotoka haikuwa neno la lugha yoyote waliyoijua. Kisha akateremka taratibu akakaa sakafuni.

Hortense alipiga yowe moja tu. Acayo alikuja akikimbia, mikono ina sabuni, akaangalia mara moja akageuka kwenda barabarani kusimamisha gari. Walimbeba wao wawili na dereva. Njia nzima Hortense alikuwa akimwambia binti yake aseme jina lake, jina lako nani mwanangu, niambie jina lako, na binti alikuwa akimtazama.

Hospitalini walimchukua, wakampitisha kwenye mashine zao. Namalwa alikuja baadaye akamkuta Hortense kwenye korido, akakaa karibu naye. Alisema kile chuma kimeotwa na bonge la damu, ndiyo sababu hata mlio umezibwa, na kipande kimeng'oka kikapanda ubongoni. Wanamtibu. Lakini anahitaji kuelewa, maana kwa kipimo kile alichompa damu isingeweza kuwa nzito namna hii bila sababu. Alizungumza kwa utulivu, bila ukali wowote.

"Mama, fikiri vizuri. Alikuwa anakula nini, anakunywa nini? Chochote. Hata kama unaona si kitu."

Hortense aliona kile kinu. Alikiona wazi, pale kibarazani, na mkono wake mwenyewe ukiinuka na kushuka. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa akijua isipokuwa Acayo, na Acayo alikuwa amekaa kando akitazama miguu yake.

"Persili," alisema. "Nilikuwa namkamulia. Asubuhi na jioni. Lakini si mboga, daktari. Ni kiungo tu."

Namalwa alifumba macho kidogo. Akaeleza, kwa sababu mama alitaka kuelezwa, kwamba persili ina kile kitu kinachopigana na kidonge kuliko hata sombe. Kwamba fizi zilitoka damu kwa sababu mboga zote zilikatwa siku moja, kidonge kikabaki bila mpinzani. Wangekuja siku ile angepunguza tu kipimo, wangerudi nyumbani wakala chakula cha mchana. Hortense aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kushika, kama hata ile ya kwenye mchuzi ilikuwa na kosa.

"Ile ya mchuzi haikuwa na neno," daktari alijibu. "Majani machache ya kunukisha sufuria, hakuna shida. Ni kikombe, mama. Kikombe ni dawa." Kisha akaongeza kwamba yeye pia ana lake, maana aliuliza mboga na hakuuliza kwa majina, wala hakuuliza juisi.

Maneno ya kumsaidia Hortense, hayo. Hayakumsaidia.

Exaucée hakufa. Watu walisema tushukuru, na Hortense alishukuru, kwa mdomo. Dawa ziliyeyusha bonge na chuma kikaanza kulia tena vizuri, ukiinama tu unakisikia. Lakini mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimekwenda, na maneno yalikuwa yamekwenda, maneno yote yale yaliyokuwa yakiwachekesha wateja wa saluni. Lilibaki moja. Sijui kwa nini lilibaki hilo na si jingine, hata Namalwa alisema hakuna ajuaye. Muuguzi akimchoma sindano alisema, "Asante." Acayo akimuuliza kama anasikia baridi alisema, "Asante." Mchungaji alipokuja kumwombea akajibiwa asante baada ya kila sentensi, akaondoka akisifu imani ya yule binti, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha. Ndani ya kichwa, Namalwa alimweleza Hortense, hakijapotea kitu. Anaelewa yote tunayosema. Anajua neno analolitaka, ila likifika mlangoni linatoka hilo hilo.

Acayo alimshauri Hortense asimwambie binti habari ya persili. Alisema mtoto ana mzigo wake tayari, kwa nini kumwongezea, na watu wengine wote wodini wanajua ni ugonjwa wa moyo tu. Hortense alikubali. Alikaa na siri ile siku hiyo na nyingine. Lakini kila alipomlisha binti yake alikuwa akiona yale macho yanamfuata mkono, kutoka bakuli mpaka mdomoni, na ni mkono ule ule uliokuwa ukimkamulia persili.

Mchana mmoja, wodi imetulia, jua limeingia mpaka kwenye kitanda, aliweka bakuli la uji chini.

"Exo, ni mimi," alisema. "Ni ile persili. Ulitaka kumwambia daktari nikakucheka. Mimi ndiye niliyekufanya hivi. Mungu alinipa wewe peke yako, na nimekuharibu kwa mkono wangu."

Exaucée alimtazama. Machozi yalijaa kwenye macho yote mawili, upande mmoja wa uso ukasinyaa na mwingine ukabaki pale pale. Mdomo ulianza kutafuta. Mishipa ya shingo ilisimama kwa kutafuta. Hortense alisogea karibu, amekishika kitanda, maana alijua linakuja neno na alilitaka, lolote lile, tusi la Kishi, lugha ya kwao, laana, chochote ambacho mtoto humwambia mama yake siku ambayo hawezi tena kumheshimu.

"Asante," Exaucée alisema. Alikunja ngumi ya mkono wa kushoto akapiga godoro. "Asante. Asante!" Akapiga tena, na tena, akitikisa kichwa kukataa neno lile hata lilipokuwa likitoka, na sauti ilikuwa kubwa mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka kutazama. Hortense aliinamisha kichwa, akamwacha aseme mpaka achoke.